Mbona Hakuna Shimo? Kimondo cha Mbozi na Kilima cha Marengi

Swali ambalo wageni huuliza mapema wakifika kilima cha Marengi si la uzito wala la umri. Ni hili: kama kweli kitu hiki kilianguka kutoka juu, mbona hakuna shimo? Watoto wa shule hulitamka kwa sauti. Watu wazima hulizungukazunguka, wakikisubiri kikundi cha watoto kiwasaidie. Nalo ni swali la haki kabisa. Pande la chuma linalokadiriwa kuwa na tani 16, lililotoka nje ya dunia, limekaa juu ya mguu wa zege kwenye mteremko mpole, na pembeni hakuna bonde la kutisha, hakuna miamba iliyopasuka, hakuna dalili kwamba siku moja ardhi hapa ilitikisika.

Kimondo cha Mbozi kipo kijiji cha Ndolezi, kata ya Mlangali, wilaya ya Mbozi, katika mkoa wa Songwe, mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Mtu wa Ihanda yuko wilaya hiyohiyo. Anaweza kwenda asubuhi na kurudi kabla kuku hawajaingia bandani. Hata hivyo wapo wengi wa Ihanda, Vwawa na Tunduma waliokisoma darasani na hawajawahi kukigusa. Kwa sehemu ninawaelewa. Mkoa huu haukurithi bustani ya umma ya mjini kama Forodhani ya Unguja, iliyotengenezwa mwaka 1936 kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sultani Khalifa bin Haroub, ambako watu bado wanakwenda jioni kupunga upepo na kula mishikaki. Tunduma imekua kwa forodha na malori, Vwawa na Mlowo kwa kahawa na barabara kuu. Mahali pa kwenda tu, bila kuuza wala kununua, ni pachache. Marengi ni mojawapo, na pana hadithi ambayo miji mikubwa duniani imelipa fedha nyingi ili iwe nayo.

Kwanza, kimondo ni nini

Angani, hasa kati ya sayari ya Mirihi na Mshtarii, huzunguka vipande vingi vya mawe na chuma vilivyobaki wakati jua na sayari zake zinaundwa. Vikubwa kati ya vipande hivyo huitwa asteroidi. Mara kwa mara vinagongana, vinavunjika, na baadhi ya mabaki yanakatiza njia ya dunia yetu. Yakiingia kwenye hewa kwa kasi ya makumi ya kilomita kwa sekunde moja, yanawaka. Ule mstari wa mwanga unaouona usiku ukipita na kupotea ni kipande kama hicho, na mara nyingi ukubwa wake hauzidi punje ya mchanga. Kinachosalimika na kufika ardhini ndicho kimondo tunachokizungumzia hapa.

Vimondo vinavyofika ardhini ni vya aina tatu: vya mawe, vya chuma, na vya mchanganyiko. Vya mawe ndivyo vingi zaidi, lakini ukivikuta shambani huwezi kuvitofautisha kwa urahisi na mawe mengine. Vya chuma ni vichache ila vinajitangaza, kwa sababu ni vizito kupita kiasi kwa ukubwa wake, na sumaku hunata.

Chuma hicho kilitokeaje? Zaidi ya miaka bilioni 4.5 iliyopita, baadhi ya asteroidi zilipata joto hadi zikayeyuka ndani. Chuma, kwa kuwa ni kizito, kikazama katikati. Mawe yakabaki juu. Kisha kiini kile kikapoa polepole mno, nyuzi chache za joto kwa kila miaka milioni. Baadaye mgongano ukaivunja asteroidi na kiini kikabaki wazi. Kwa hiyo ukiweka kiganja chako kwenye kimondo cha Mbozi unagusa kitu ambacho hapa duniani huwezi kukifikia. Kiini cha dunia yetu nacho kinaaminika kuwa cha chuma na nikeli, lakini kipo karibu kilomita 2,900 chini ya miguu yako.

Vipimo vilionyesha kwamba kimondo cha Mbozi ni chuma kwa takriban asilimia 90, na nikeli kwa karibu asilimia 9. Nikeli ni metali nyeupe inayochanganywa na chuma kutengeneza sufuria na vijiko visivyoshika kutu haraka. Kilichobaki ni shaba, fosforasi na salfa kidogo sana. Wataalamu huvigawa vimondo vya chuma katika makundi kwa kulinganisha metali adimu zilizomo, kwa namna hiyo wanajua vipi vilitoka kwenye kiini kimoja. Cha Mbozi hakikuingia kwenye kundi lolote. Hakina ndugu wanaojulikana.

Sasa shimo

Jibu lina sehemu mbili, na zote mbili zinahitajika.

Ya kwanza ni muda. Wenyeji wa Mbozi walikuwa wakikijua kimondo tangu zamani, lakini katika masimulizi yao hakuna anayesema babu wa babu yake aliona moto ukishuka. Tukio la namna hiyo halisahauliki kirahisi. Lingebaki kwenye hadithi, kwenye majina ya watoto, kwenye mwaka fulani wa kuhesabia umri. Ukimya huo, pamoja na kukosekana kwa alama yoyote ardhini, ndio unaowafanya watafiti waamini kwamba kilianguka maelfu ya miaka iliyopita. Na anayelima Mbozi anajua mvua ya kuanzia Novemba hadi Aprili inaweza kuufanyia nini mteremko usio na nyasi kwa msimu mmoja tu. Ipe mvua hiyo misimu maelfu, shimo litajaa.

Sehemu ya pili ni hewa. Tunaizoea hewa mpaka tunadhani haina nguvu, lakini kwa kitu kinachokuja kwa kasi ya kimondo ni breki kali. Kipande kidogo hupoteza kasi yake yote ya angani, kikamalizia safari kikianguka kama kitu chochote kilichodondoshwa kutoka juu sana. Kikubwa kama cha Mbozi kinabaki na sehemu ya kasi, ila kikiingia kwa mshazari kinapita kwenye hewa nyingi zaidi, na kasi inayobaki inaweza kuwa ndogo kuliko tunavyodhani. Ushahidi mzuri uko Namibia. Kimondo cha Hoba, karibu na mji wa Grootfontein, kinakadiriwa kuwa na tani 60 na ndicho kikubwa kuliko vyote vinavyojulikana duniani. Mkulima alikigundua mwaka 1920 plau yake ilipokwama. Nacho hakina shimo.

Kuna jambo moja la kusahihisha, kwa sababu baadhi ya wageni huondoka nalo. Udongo uliochongwa kukizunguka kimondo cha Mbozi haukuchimbwa na kimondo. Ulichimbwa na watu, kwa majembe.

*Kwa ufupi: shimo, kama lilikuwepo, limefukiwa na maelfu ya misimu ya mvua, na huenda halikuwa kubwa, kwa sababu hewa ilikuwa imeshapunguza kasi ya kimondo.*

Mwaka 1930

Mwaka huo mpima ardhi kutoka Johannesburg, W. H. Nott, alikikuta kimondo na kukiripoti. Vitabu vingi huandika kwamba “alikigundua”. Mimi ningeandika kwamba alikuwa wa kwanza kuwaandikia watu wa mbali, maana aliokuwa akiishi nao walikuwa wakikipita kila siku. Wakati huo kilionekana mgongo tu. Mwili wote ulikuwa ndani ya udongo. Ikachimbwa handaki kukizunguka, udongo wa kilimani ukaondolewa, na chini yake ukaachwa mguu wa udongo ili kisiporomoke. Baadaye mguu huo ukaimarishwa kwa zege. Ndiyo maana leo kinaonekana kama kimewekwa juu ya jukwaa. Hakikuinuliwa, ardhi ndiyo iliyoshushwa.

Urefu wake ni kama meta 3, na kimo kama meta moja na kidogo. Wakadiriaji wa kwanza walifikia hadi tani 25, wengine 12. Makadirio yanayotumika siku hizi ni 16. Hakijawahi kupita kwenye mizani ya malori ya Mpemba. Hesabu hufanywa kwa kupima umbo na kuzidisha kwa uzito wa chuma cha namna hiyo. Chukua mapipa kumi ya lita 200, yajaze maji: hizo ni tani 2. Sasa jaza nafasi hiyohiyo kwa chuma cha kimondo, utakuwa umekaribia tani 16.

Ili kupata sampuli ya maabara, watafiti walikata kwa msumeno wa chuma upande uliochongoka. Ilikuwa kazi ya saa nyingi kwa kipande kidogo, na pengo la msumeno bado lipo. Usiache kulitafuta. Ni sehemu pekee ya kimondo inayokuonyesha ugumu wake bila maelezo ya mtu.

Wahunzi waliokiacha

Hapa ndipo, kwa maoni yangu, hadithi ya Marengi inapokuwa tamu, na ndipo maelezo ya kawaida huwa yanapita haraka.

Wanyiha, wenyeji wa Mbozi, walikuwa wafua chuma. Walikuwa sehemu ya ukanda mpana wa wahunzi wa kusini magharibi mwa Tanzania, pamoja na Wafipa ambao matanuri yao, malungu, yalizidi kimo cha mtu. Tanuri la udongo lilijengwa refu ili lijivutie hewa lenyewe kupitia matundu ya chini. Likajazwa mkaa na mawe yenye chuma kwa matabaka, likawashwa na kuachwa liwake kwa siku kadhaa. Kilichotoka kilikuwa bado kichafu, kimechanganyika na mavi ya chuma, yaani takataka ngumu inayobaki mawe yakiyeyushwa. Ndipo kikasafishwa kwenye tanuri dogo kwa mivukuto, kikafuliwa kuwa majembe, mashoka na mikuki. Jembe halikuwa la kulimia tu. Lilikuwa mali, lililipa mahari, lilisafiri kwenda kwa majirani wasio na matanuri. Kazi hiyo ilififia katika miongo ya mwanzo ya ukoloni, majembe ya dukani yalipoingia kwa bei ndogo.

Sasa fikiria. Watu wanaotumia siku nyingi kukata miti, kuchoma mkaa, kuponda mawe na kukesha na moto ili wapate chuma cha majembe machache, wanaishi karibu na tani 16 za chuma kilichokwisha kusafishwa na mbingu. Mbona hawakukitumia?

Tazama kilichotokea kwingine ili jibu lionekane. Kaskazini kabisa mwa Greenland, Wainuiti hawakuwa na miti ya mkaa wala matanuri. Kwao vimondo vya chuma vya Cape York vilikuwa ghala. Kwa karne nyingi walikwenda pale na mawe magumu, wakagonga na kugonga mpaka kibanzi kikatoka, wakakifua kikiwa baridi kuwa ncha ya chusa au kisu. Mawe yao ya kugongea yalikutwa yamerundikana kwa maelfu kuzunguka vimondo hivyo.

Mhunzi wa Kinyiha hakuwa na shida hiyo. Alikuwa na misitu, udongo na ujuzi. Pande zima lisilo na ufa, lisiloingia tanurini, ambalo hata msumeno wa kiwandani unahangaika nalo, kwake lilikuwa chuma kisicho na faida. Huo ni ufafanuzi wangu kutokana na ushahidi, si tamko la wazee. Lakini naona unaeleza vizuri kuliko wazo kwamba watu wa hapa hawakujua wana nini. Walijua chuma vizuri mno. Kimondo kilibaki kizima kwa sababu kilikuwa jirani na mafundi.

Vilivyobebwa

Ukubwa wa bahati hiyo ya kubaki mahali pake unaonekana ukifuata vimondo vingine.

Hivyo vya Cape York havikubaki Greenland. Mpelelezi wa Marekani Robert Peary alivichukua kwa meli katika miaka ya 1890. Kikubwa kati yake, chenye tani 31 hivi, alikitoa mwaka 1897. Safari hiyohiyo alipeleka New York Wainuiti sita, na wanne kati yao walikufa huko muda si mrefu. Mwaka 1909 jumba la makumbusho la historia asilia la New York lilivinunua vimondo hivyo kwa dola 40,000. Kile kikubwa bado kimo humo, na nguzo zake zimeshushwa hadi kwenye mwamba ulio chini ya jengo kwa sababu sakafu isingekibeba.

Kisa cha Willamette, jimbo la Oregon, kinachekesha na kusikitisha kwa pamoja. Kimondo chake kina tani 15 na nusu, karibu sawa na cha Mbozi. Mwaka 1902 mkazi mmoja, Ellis Hughes, alitambua kwamba kile si jiwe la kawaida. Tatizo: kilikuwa kwenye ardhi ya kampuni ya chuma. Akatengeneza gari la magogo, na kwa miezi mitatu, kwa msaada wa mwanawe na farasi, akakiburuta kidogokidogo zaidi ya kilomita moja hadi kwenye shamba lake, akaanza kutoza kiingilio. Kampuni ikamshtaki na mahakama ikaipa ushindi. Kimondo nacho kikaishia New York, jumba lilelile.

Japani walifanya tofauti. Katika mji wa Nogata, mkoa wa Fukuoka, kuna kimondo cha mawe kisichofika nusu kilo. Kwa mujibu wa masimulizi ya hekalu la Suga kilianguka uwanjani mwake mwaka 861, na watu waliokiona kikianguka wakakiokota. Kwa zaidi ya miaka elfu moja hekalu limekitunza kwenye sanduku la mbao, likikitoa wakati wa sherehe. Kinahesabiwa kuwa kimondo cha zamani kuliko vyote kilichoonwa kikianguka na bado kipo.

Na Mbozi? Semi-trela moja kati ya zile zinazopanga foleni Tunduma ingekibeba bila matata. Hakikubebwa. Hoba hakikubebwa pia, ila hicho kilikatwakatwa na wageni wenye tamaa hadi kikalazimika kutangazwa mnara wa taifa mwaka 1955. Cha Mbozi kinalindwa chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na katika miaka ya karibuni usimamizi wake umekabidhiwa Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, ambayo imejenga kituo cha kuwapokea wageni.

Kwa wanaouliza bei, na hawakosekani kwenye kila kikundi: ndiyo, duniani vipo vimondo vinavyouzwa kwa gramu. Hiki hakiuzwi, na si dhahabu wala zebaki. Anayekuambia ana kipande chake mfukoni, ama anakudanganya ama amevunja sheria.

Ukienda

Shuka barabara kuu ya Mbeya–Tunduma kwenye njia inayoingia Mlangali. Kilomita zinazobaki ni za bodaboda au gari binafsi, na wakati wa masika uliza kwanza hali ya njia. Nenda na kundi kama unaweza, nauli hugawanyika. Lipa kiingilio, mchukue mwongoza wageni, kisha kabla hajaanza kusema kizunguke kimondo mara moja peke yako. Vitu vya kuangalia:

- Vibonyeo vya juu juu, vingine vya ukubwa wa kidole gumba. Joto na hewa viliyeyusha na kubeba uso wa chuma wakati kikishuka.
- Pengo la msumeno, upande uliochongoka.
- Rangi ya kutu. Nikeli huchelewesha kutu, haiizuii.
- Mguu wa zege, na kimo ambacho udongo ulikuwa umefika kabla ya mwaka 1930.

Sumaku ndogo ya spika mbovu inatosha kuwafurahisha watoto kwa nusu saa. Msumari wa kuandikia jina uache nyumbani.

Kama unachagua siku, tarehe 30 Juni ina maana yake. Umoja wa Mataifa uliiteua mwaka 2016 kuwa siku ya kimataifa ya asteroidi, kukumbuka mlipuko wa Tunguska, Siberia, wa mwaka 1908, uliolaza msitu wa kilomita za mraba zipatazo 2,000. Ni kiangazi, njia ni kavu, na baridi ya Mbozi inataka sweta.

Ningepewa nafasi ya kuongeza kitu kimoja tu pale Marengi, nisingeongeza sanamu wala bembea. Ningejenga tanuri. La udongo, refu, lenye matundu yake ya hewa, hatua chache kutoka kwenye kimondo, likisimamiwa na wazee ambao bado wana la kusimulia kuhusu kazi ya babu zao. Kando yake ningeweka jembe moja la Kinyiha na bonge la mavi ya chuma, bila kioo, watu washike. Na kwa kuwa tuko Mbozi, awepo mtu wa kukaanga kahawa ya hapo hapo na kuiuza kwa kikombe. Si haki mgeni kutembea katikati ya mibuni yote ile, kisha akapewa soda.